Nikiongea Kifaransa nakuwa mtu mwingine: je, lugha inanibadilisha?

Swali: "Nina miaka 24 na shahada ya kwanza ya biolojia. Ni mwaka wa pili sasa najifunza Kifaransa, saa tatu kwa wiki, kwa sababu nataka kusoma shahada ya uzamili kwa lugha hiyo. Tatizo ni kwamba nikiongea Kifaransa nakuwa mwanamke mwingine kabisa: mpole kupita kiasi, sina utani, hata sauti inapanda. Kwa Kiswahili mimi ni msemaji, napinga hoja, nachekesha watu. Nyumbani wananiambia najifanya. Katikati hapo nilianza Kijerumani nikaacha, nikaanza Kikorea nikaacha. Je, ni kweli lugha inanibadilisha? Na nitajuaje kama lengo langu la masomo ni langu kweli au nimefuata mkumbo tu?"

Kwa swali la kwanza: hujawa mtu mwingine, ila Kifaransa chako bado hakijapata nguvu ya kumbeba mtu mzima. Kwa la pili: lengo lako lina sehemu yako na sehemu ya kuazima, na kuna namna ya kuzitenganisha. Maswali haya yanaonekana mbalimbali lakini ni swali moja, na utaliona hilo tukifika kwenye mtihani.

Kwanza, ujue hauko peke yako. Mwanaisimu Aneta Pavlenko alichapisha mwaka 2006 uchambuzi wa majibu ya watu zaidi ya 1,000 wanaozungumza lugha kadhaa. Walipoulizwa kama huwa wanajihisi watu tofauti wanapobadili lugha, karibu thuluthi mbili walisema ndiyo. Ndani ya hisia hiyo kuna mambo matatu yaliyofungwa pamoja, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza, na ndilo kubwa kwa mtu wa kiwango chako, ni uchache wa zana. Mchekeshaji hahitaji maneno mengi tu, anahitaji yaje kwa wakati. Utani ukichelewa sekunde mbili umekufa. Kupinga hoja kwa ustaarabu nako kunadai maneno ambayo vitabu vya wanaoanza havina: ya kukubali nusu, ya kusogeza jambo mbele, ya kuuma na kupuliza. Usipokuwa nayo unabaki na "ndiyo", "hapana" na tabasamu, na anayekusikiliza anamwona binti mpole. Anachokiona ni pengo la msamiati, amelichukua kuwa ndiyo tabia yako.

La pili ni kwamba kila lugha hukulazimisha kusema mambo ambayo nyingine inakuruhusu kuyaacha. Ukisema "nimefurahi", Kiswahili hakikuulizi wewe ni mwanamke au mwanamume. Kifaransa kinauliza: «je suis contente» kwako, «je suis content» kwa kaka yako. "Yeye" yetu moja inagawanyika kuwa «il» na «elle», na ndiyo maana wazungumzaji wa Kiswahili, hata waliofika mbali, wakiongea kwa kasi huwaita mama zao «il». Huo si uzembe. Lugha yao ya kwanza haikuwahi kuwadai wachague, kwa hiyo uchaguzi huo ndio wa kwanza kuporomoka mzigo ukizidi. Kisha kuna «tu», "wewe" ya mtu wa karibu, na «vous», "wewe" ya heshima. Anayesita kati ya hayo mawili mara nyingi hukwepa kumtaja msikilizaji kabisa, na mazungumzo yake yanakuwa baridi bila yeye kukusudia.

La tatu ni uzito wa maneno. Mwaka 2003 Catherine Harris na wenzake walipima mwitikio wa ngozi kwa wazungumzaji wa Kituruki waliojifunza Kiingereza baadaye maishani. Makaripio ya aina wanayoambiwa watoto na wazazi yaliwashtua zaidi kwa Kituruki kuliko kwa Kiingereza. Mwaka 2012 Boaz Keysar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba watu wakipima uamuzi wa faida na hasara kwa lugha ya kigeni, hawayumbishwi sana na namna swali lilivyopangwa. Lugha uliyoijia ukubwani inakaa mbali kidogo na moyo. Faida yake ni kwamba unaweza kujadili jambo zito kwa utulivu. Hasara yake ni kwamba hujui ukali wa unachokisema, kwa hiyo matusi na maneno ya kejeli ya Kifaransa yaache kwanza. Hili la tatu halina zoezi. Linapungua kadiri unavyoishi na watu wa lugha hiyo. Tushughulikie la kwanza na la pili.

Pima kabla ya kujitibu

Chukua simu, fungua kinasa sauti. Chagua jambo ambalo una msimamo mkali nalo, lisiwe mada ya kitabu cha kiada. Kwako labda ni hili: je, mwanafunzi wa biolojia anaweza kuhitimu kwa majaribio ya kwenye kompyuta bila kushika darubini? Ongea dakika tatu kwa Kiswahili bila kuandika chochote. Kesho yake ongea dakika tatu kwa Kifaransa juu ya jambo lilelile, bila kuisikiliza kwanza ile ya Kiswahili. Halafu zisikilize zote mbili na kalamu mkononi.

Usihesabu maneno. "Hatujawaona" ni neno moja, lakini Kifaransa chake ni «nous ne les avons pas encore vus», maneno saba. Ukihesabu maneno utajiona bingwa wa Kifaransa kumbe ni tofauti ya sarufi tu. Hesabu hoja, yaani kila jambo jipya lililosemwa likaeleweka. Weka alama kila ulipopinga, kila ulipokubali kwa masharti, kila ulipotoa mfano, kila ulipotania. Kisha, na hapa usiharakishe, andika kila mahali ulipoanza kusema jambo moja ukaliacha na kusema lingine jepesi. Unapajua mwenyewe, maana unakumbuka ulichotaka kusema.

Hoja za Kifaransa zikiwa nusu ya zile za Kiswahili, au chini ya hapo, usishtuke. Kinachohitajika ni ile orodha ya mwisho. Ndiyo ramani ya mtu aliyepotea njiani kati ya lugha mbili, na inakuonyesha cha kujifunza vizuri kuliko faharasa ya kitabu chochote.

Kila wiki chukua mambo matano kutoka kwenye orodha hiyo. Matano, si ishirini. Tafuta jinsi Wafaransa wenyewe wanavyoyasema, kwa kumuuliza mwalimu au kwa kusikiliza midahalo ya redio. Kufasiri sentensi yako neno kwa neno hakutakufikisha. Tuchukue moja tuitazame kwa karibu. Tuseme ulitaka kumwambia mhadhiri, "Hapo sikubaliani nawe, ingawa naelewa unapotokea." Wanafunzi wengi husema «Non, ce n'est pas vrai», yaani "Hapana, si kweli." Sarufi haina kosa, lakini msikilizaji anasikia anaambiwa kasema uongo. Unachokitafuta kiko katika ngazi tatu. «Je n'en suis pas si sûre» ni shaka laini, unaweza kuitumia na mtu yeyote. «Là, je ne vous suis plus» inamwambia amekuacha njiani, na ndani yake kuna chembe ya utani ukiisema kwa sauti ya chini inayoshuka mwishoni. «Je vous l'accorde, mais…» inampa haki yake kisha inambana, ndiyo kuuma na kupuliza kwenyewe. Jifunze zote tatu pamoja na sauti yake na mahali pake. Na misemo yetu usiifasiri: ukiwaambia Wafaransa kwamba mwenye macho haambiwi tazama, watanyamaza wakisubiri umalizie.

Ukishapata matano yako, fanya zoezi ambalo Paul Nation, mtaalamu wa ufundishaji wa msamiati, alilieleza mwaka 1989: zungumzia mada moja mara tatu, kwa watu watatu tofauti, dakika 4, kisha 3, kisha 2. Muda unapopungua unalazimika kuacha kubabaika na kuunganisha maneno kwa mkupuo. Linaharibika kwa njia mbili. Mtu huandika hotuba na kuikariri, hapo anazoeza kumbukumbu wala si ulimi. Au huchagua mada ambayo maneno yake hajayapata bado, na dakika 2 za mwisho zinakuwa kigugumizi cha kasi. Zoezi hili ni la kuharakisha unachokijua, si la kujifunzia kipya. Kama huna wasikilizaji watatu, jirekodi mara tatu mfululizo. Ufanisi unapungua kidogo, kwa kuwa mashine haikunji uso.

Misemo mitano kwa wiki, wiki 12, ni 60. Sitini iliyokomaa inarudisha sehemu kubwa ya yule msemaji unayemjua.

Kiswahili chako ni mtaji

Wengi waliosoma kwa Kiingereza hukifanya daraja la kuendea Kifaransa, hata pale ambapo Kiswahili kina njia ya mkato. "Nina miaka 24" ni «j'ai 24 ans», umbo kwa umbo. "Nina njaa", «j'ai faim». "Nina kiu", «j'ai soif». "Nina usingizi", «j'ai sommeil». Anayepita Kiingereza ndiye anayesema «je suis 24». Vivyo hivyo kwa mtendwa: "ninakuona" tunamweka mtendwa kabla ya mzizi wa kitenzi, na Kifaransa nacho kinasema «je te vois», wakati mwanafunzi anayepitia Kiingereza anahangaika na «je vois toi». Mtego upo pia: "nina haraka" ni «je suis pressée», na "nina hakika" ni «je suis sûre». Tengeneza kurasa mbili kwenye daftari, moja ya mahali Kiswahili kinapokubeba, nyingine ya mahali kinapokuangusha. Itakusaidia sarufi, na itakuondolea dhana kwamba ili uwe mtu wa Kifaransa lazima kwanza uvue Kiswahili mlangoni.

Kuvua huko kupo kweli, tusijidanganye. Wallace Lambert wa Chuo Kikuu cha McGill alitofautisha, katika miaka ya 1970, hali ambapo lugha ya pili inaongeza juu ya ya kwanza na hali ambapo inaila ya kwanza. Dalili ya kuliwa ni kutoweza kueleza fani yako kwa lugha yako. Kuchanganya maneno mawili matatu kwenye mazungumzo hakumaanishi hivyo. Jipime: eleza kwa Kiswahili, kwa kuandika ukurasa mmoja, jinsi kimeng'enya kinavyofanya kazi, au usanisinuru, au chembe nyeupe za damu zinavyomtambua adui. Ukikwama kwenye istilahi, tafuta istilahi. Ukikwama kwenye kuunganisha sababu na matokeo, basi hujalielewa somo lenyewe, na hapo umegundua jambo la maana zaidi. Ukurasa mmoja kwa wiki unatosha.

Sasa nyumbani. Wanaposema unajifanya, mara nyingi hawazungumzii Kifaransa bali wanachokisikia: sauti imepanda, uso umebadilika, na wao hawana nafasi ndani ya mazungumzo hayo. Usifanyie mazoezi ya kuongea mbele ya hadhira isiyoshiriki, na maneno ya Kifaransa usiyachomeke kwenye Kiswahili cha sebuleni. Ukifuata hayo mawili, robo tatu ya utani utaisha wenyewe. Sauti kupanda, kwa njia, ni jambo la kawaida kwa anayeongea kwa wasiwasi, itashuka ukizoea.

Utani una upande mwingine unaostahili uzito. Mtafiti Bonny Norton alifuatilia wanawake wahamiaji nchini Kanada, na katika makala yake ya mwaka 1995 alionyesha kwamba walikuwa na ari kubwa ya kujifunza Kiingereza lakini walinyamaza mbele ya watu waliowafanya wajione hawana haki ya kusema. Mmoja wao, aliyekuwa akifanya kazi na vijana waliomdharau, alipata sauti alipoanza kuwachukulia kama watoto wake: alisema kama mama, na kama mama alijua namna ya kusema. Hilo linafanya kazi kwa yeyote. Ingia kwenye lugha mpya kwa cheo ambacho tayari unacho. Wewe ni mwanabiolojia. Ukizungumzia hali ya hewa au mapumziko ya wikendi uko sawa na mwanafunzi mwingine yeyote wa Kifaransa. Ukizungumzia kinga ya mwili, hata mwalimu wako atakusikiliza akijifunza. Geuza mazoezi yako yaelekee huko.

Lafudhi, na kuongea kama mzawa kwa jumla, nitavipita haraka. Utafiti wa Joshua Hartshorne na wenzake wa mwaka 2018, uliotumia mtihani wa sarufi ya Kiingereza uliofanywa na watu takriban 670,000, ulikadiria kwamba wepesi wa kushika sarufi unaanza kupungua karibu na miaka 17. Kwa hiyo kusikika kama aliyezaliwa nayo usikuweke kwenye orodha ya malengo. Hata Baraza la Ulaya, lililotoa mwaka 2001 ule mfumo wa ngazi sita kutoka A1 hadi C2, katika toleo la nyongeza la mwaka 2020 liliacha kumtumia "mzawa wa lugha" kama kipimo. Rekebisha matamshi yanayoleta utata tu, mathalani «dessus» na «dessous», ambayo yakichanganywa kilicho juu kinakuwa chini.

Lengo ni la nani?

Robert Gardner na Wallace Lambert walitofautisha zamani sababu mbili za kujifunza lugha: kutaka kuwa karibu na watu wake, na kutaka kitu ambacho lugha inakipatia, kama kazi au shahada. Zoltán Dörnyei, kuanzia mwaka 2005, alisogeza mjadala mahali penye manufaa zaidi kwako. Alisema mwanafunzi anavutwa na picha ya nafsi yake ya baadaye, na picha hizo ni mbili: ile unayoitamani na ile unayodaiwa na wengine. Juu yake kuna hali halisi ya kujifunza, yaani mwalimu, darasa, na kama jana ulifaulu au uliaibika.

Nafsi inayodaiwa haina ubaya. Ndiyo inayomfanya mtu alipe ada na kufika darasani. Udhaifu wake ni kwamba haivuki B1 kwa urahisi. A1 na A2 zina zawadi kila wiki: leo unajitambulisha, kesho unauliza njia. B1 unasoma miezi mitatu na hakuna anayeona tofauti, wewe mwenyewe ukiwemo. Hapo anayebaki ni mwenye picha yake.

Kutenganisha picha hizo hakuhitaji tafakuri ya usiku kucha. Andika lengo lako kwa sentensi yenye mambo manne: nitafanya nini, na nani, mara ngapi, kufikia lini. "Nataka kujua Kifaransa vizuri" haina hata moja. "Kufikia mwezi wa tisa mwakani nikae kwenye semina ya kinga ya mwili kila wiki, na kila semina niulize swali moja na kujibu moja" ina yote. Kisha jiulize: kama shahada ya uzamili ingetolewa kwa Kiswahili kesho, je, ungeendelea na Kifaransa hata saa moja kwa wiki? Ukijibu hapana, lengo lako ni shahada na Kifaransa ni chombo. Hilo ni jibu la heshima kabisa, ila mipango yake ni tofauti: unasoma cha kukufikisha, huna haja ya riwaya na historia ya nyimbo. Ukijibu ndiyo, sema ungefanya nini katika saa hiyo. Jibu hilo ndilo sehemu yako mwenyewe, na lipewe nafasi kwenye ratiba hata kama mtihani hauliulizi.

Tuone hesabu. Kozi nyingi za chuo kikuu zinazofundishwa kwa Kifaransa hudai B2, na baadhi ya fani hudai C1. Hakikisha kwenye tangazo la kozi yenyewe. Makadirio ya kawaida ya kufika B2 kutoka sifuri ni saa 550 hadi 650. Saa 3 kwa wiki kwa miaka miwili ni kama 300, ukitoa likizo ni pungufu kidogo. Umebakiza 250 hadi 350. Ukiendelea na saa 3, ni miaka miwili mingine, na ndiyo maana unahisi umesimama. Ukipandisha hadi 9, ni wiki 28 hadi 39.

Saa 9 ningezigawa hivi: kusoma 2 na nusu, kusikiliza 2, kuongea 2, kuandika 1 na nusu, kadi za msamiati 1. Kwenye kadi usizidishe mpya 8 kwa siku. Marudio ya siku hujilimbikiza hadi mara 7 au 10 ya kadi mpya, kwa hiyo anayeanza na 25 kwa siku kwa furaha, mwezi ukiisha ana rundo la kadi 200 kila asubuhi, na anaacha kadi na lugha kwa pamoja. Kwenye kusoma, hesabu maneno 100 ya maandishi. Usiyoyajua yakizidi 5, hayo ni maandishi ya kuchimba kwa kamusi, ukurasa mmoja tu. Yakiwa 2 au chini ya hapo, soma bila kusimama.

Soma biolojia ya Kifaransa kuanzia sasa, usisubiri B2. Jim Cummins alionyesha kuanzia mwaka 1979 kwamba lugha ya maongezi na lugha ya masomo ni vitu viwili. Watoto wahamiaji walimudu maongezi kwa miaka kama miwili, lakini ya darasani ikawachukua mitano hadi saba. Wewe una nafuu, kwa sababu dhana unazijua tayari. Chukua sura ya kitabu ambayo uliifanyia mtihani ukafaulu, uisome kwa Kifaransa. Istilahi hazitakusumbua sana, nyingi zina asili ya Kigiriki na Kilatini. Utakachojifunza ni vinavyoziunganisha: «en revanche» (kwa upande mwingine), «il en résulte que» (matokeo yake ni kwamba), «à condition que» (kwa sharti kwamba). Hivyo ndivyo vinavyomtambulisha msomi kwa Kifaransa.

Na sasa mtihani. Ukichagua DELF B2, mtihani wa cheti rasmi cha Kifaransa cha ngazi hiyo, una sehemu nne za alama 25 kila moja. Unafaulu kwa 50 kati ya 100, lakini ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeanguka, hata jumla ikiwa 70. Cheti hakiishi muda, tofauti na TCF, mtihani mwingine wa Kifaransa, ambao matokeo yake hudumu miaka miwili. Kwenye sehemu ya kuzungumza unapewa dakika 30 za kujiandaa, kisha dakika kama 20 za kutoa msimamo wako na kuutetea mtahini anapokupinga. Hawakuulizi unaishi wapi wala unapenda nini. Wanamtaka yule yule binti mbishi unayesema amepotea. Kwa hiyo zile rekodi, misemo mitano na dakika 4, 3, 2 ndiyo maandalizi ya mtihani, na wakati huohuo ndiyo njia ya kurudi kuwa wewe. Huna haja ya ratiba mbili.

Kijerumani na Kikorea vifunge kwa sasa, bila kujilaumu. Ulivianza kwa picha isiyo na mtu ndani yake: hakukuwa na fulani wa kuongea naye wala maandishi uliyoyahitaji. Kanuni ninayoipendekeza ni kutoanza lugha nyingine mpaka iliyopo ifike B2, na hata hapo uwe na mtu au kitabu utakachokitumia ndani ya siku saba. Ukirudi Kikorea baadaye, ulichojifunza kuhusu namna ya kujifunza hakitakuwa kimepotea.

Baada ya wiki 12 rudia ile rekodi, mada ileile. Hoja zikiwa zimeongezeka na mahali pa kukwepa pamepungua, endelea hivyohivyo. Hoja zikiwa zilezile, angalia kwanza saa zako za kuongea. Karibu kila mara ndizo zilizoliwa, kwa kuwa ndizo zinazoaibisha. Kama saa ulizitimiza na hakuna kilichosogea, badili mwalimu au wasikilizaji kabla ya kubadili lengo.

Utakapofika kwenye kuomba nafasi, watakuomba barua ya kueleza sababu za kuchagua kozi. Usiandike kwamba unakipenda sana Kifaransa. Kila mwombaji anaandika hivyo. Andika unachoweza kufanya nacho na pale unapoishia, kwa mfano: «Je lis sans difficulté les articles d'immunologie en français ; à l'oral, je peux présenter mes résultats et répondre aux questions, même si je parle encore lentement», yaani unasoma makala za kinga ya mwili bila shida, na kwa mdomo unaweza kuwasilisha matokeo yako na kujibu maswali, ingawa bado unaongea polepole. Ila usiitume kabla haijawa kweli, maana wakikuita kwenye usaili, swali la kwanza litatoka kwenye sentensi hiyo.